Ufundi wa Kujaza Risasi za Magnum

Risasi ya rivolva ya magnum ina sehemu nne: ganda la shaba ya manjano, fataki iliyopachikwa katikati ya kitako cha ganda, baruti iliyomo ndani, na kichwa kinachotoka mtutuni. Baada ya mlio, baruti imeungua, kichwa kimekwenda na fataki imekufa. Ganda hubaki zima, limefura kidogo na kuingia masizi, na ndilo lililokula shaba nyingi na kazi nyingi kuliko sehemu nyingine zote. Tangu karne ya 19 wakulima, wachunga ng'ombe na wawindaji wa Marekani walioishi mbali na maduka hawakukubali kulitupa baada ya mlio mmoja. Walichomoa fataki iliyokufa, wakapachika mpya, wakapima baruti, wakasubu kichwa kwa madini ya risasi, na ganda likarudi kazini. Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal huko New Haven, Connecticut, na koleo zake za kujazia risasi zikaenea mashambani kwa sababu zilitosha kubebwa kwenye mkoba. Kampuni ya Lyman iliinunua Ideal mwaka 1925, na kalibu za kusubia zenye jina la Lyman zinauzwa hadi leo.

Kilichowezesha haya yote ni jambo dogo lililomo ndani ya kitako cha ganda. Katika miaka ya 1860 watu wawili walibuni fataki za aina mbili karibu wakati mmoja: Edward Boxer, afisa wa jeshi la Uingereza, na Hiram Berdan, Mmarekani. Ganda la Berdan lina kijinundu cha shaba katikati ya kitundu cha fataki, na moto hupita kwenye vitobo viwili vilivyo pembeni. Ganda la Boxer lina kitobo kimoja tu, katikati kabisa, kwa kuwa kijinundu chake kimo ndani ya fataki yenyewe. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka mtu ajaribu kuitoa fataki iliyokufa. Kwa ganda la Boxer, pini moja nyembamba hushuka kutoka mdomoni, hupita kwenye kitobo na kuisukuma fataki nje kwa mkono mmoja. Ganda la Berdan haliruhusu hivyo. Fataki yake hung'olewa kwa ndoano au kwa shinikizo la maji, na wengi huliacha. Ajabu ni kwamba Marekani ilishika fataki ya Mwingereza na majeshi mengi ya Ulaya yakashika ya Mmarekani. Kwa hiyo ufundi wa kujaza nyumbani ulistawi zaidi Marekani, ambako karibu kila ganda la rivolva lililookotwa liliweza kutumika tena.

Magnum yenyewe ni zao la ufundi huu. Viwanda havikuwatangulia wajazaji, viliwafuata. Mwaka 1907 Smith & Wesson walitoa rivolva ya .44 Special, silaha nzuri yenye risasi ya upole. Katika miaka ya 1920 kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi za ranchi na kuongoza wawindaji huko magharibi, Elmer Keith, alikuwa akijaza risasi zake mwenyewe kwa nguvu kuliko kiwanda chochote. Alianza na .45 Colt. Rivolva yake ya zamani ikapasuka mkononi mwake, naye akaandika habari hiyo wazi mwaka 1925 ili wengine wajifunze. Kisha akahamia .44 Special, kwa sababu matundu ya kipenyo hicho huacha kuta nene zaidi kwenye silinda. Akabuni kichwa chenye pua pana iliyokatwa bapa na bega kali, kilichotengenezewa kalibu na Lyman chini ya namba 429421, chenye uzito wa greni 250 hivi, yaani gramu 16. Akakiendesha kwa baruti ya polepole iitwayo 2400, ya kampuni ya Hercules, hata kikafikia futi 1,200 hivi kwa sekunde. Kwa miaka mingi aliyaandikia magazeti na kuwasihi wenye viwanda wauze risasi ya namna hiyo.

Viwanda vilikuwa na hofu, na hofu yao ilikuwa ya haki. Rivolva za .44 Special za mwaka 1910 zilikuwa bado mikononi mwa watu. Risasi kali ikiuzwa kwenye boksi, siku moja ingeingizwa katika mojawapo ya hizo. Jibu lilikuwa tayari limeonyeshwa mwaka 1935, Smith & Wesson na Winchester walipotoa .357 Magnum, kazi iliyosukumwa na Douglas Wesson pamoja na Philip Sharpe, mjazaji na mwandishi aliyekuja kutoa kitabu kinene cha kujaza risasi mwaka 1937. Waliirefusha .38 Special kwa milimita tatu na kitu, ili risasi kali isiweze kuzama kwenye silinda ya rivolva ya zamani. Kuelekea mwisho wa 1955 Smith & Wesson na Remington wakafanya vivyo hivyo kwa .44, na .44 Magnum ikazaliwa. Umma mpana uliijua baadaye kupitia filamu ya Clint Eastwood ya mwaka 1971, lakini Keith, aliyekuwa ameshaijaribu kwa miaka thelathini akiwa mezani kwake, aliipokea kama mtu anayepokea barua aliyoiandika mwenyewe.

Milimita hizo tatu zinafunika pengo kubwa la nguvu. Kipimo kinachokubaliwa na viwanda vya Marekani kwa .44 Special ni mkandamizo wa pauni 15,500 kwa kila inchi ya mraba, kwa .44 Magnum ni pauni 36,000. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa pauni 30 hivi. Mjazaji anayekaa mezani na kijiko cha baruti anaandaa mkandamizo unaozidi ule wa tairi kwa zaidi ya mara elfu moja, utakaofunguka sentimita chache kutoka kwenye vidole vyake na mbele ya macho yake. Ndiyo maana ufundi huu haupimwi kwa nguvu ya mlio. Nguvu ni rahisi. Baruti inayo tele. Kilicho adimu ni uangalifu ambao haupungui kati ya ganda la kwanza na la hamsini.

Kazi huanza kwa macho. Kila ganda hushikwa na kuzungushwa mbele ya taa, na nyufa hutafutwa mdomoni, ambako huanza mara nyingi, kisha ubavuni, kisha karibu na kitako. Shaba ya maganda ni asilimia 70 ya shaba nyekundu na 30 ya zinki. Mchanganyiko huo unanyumbuka vizuri: risasi inapolipuka ganda hutanuka, hugusa kuta za chumba na kuziba gesi isirudi nyuma, kisha hunywea kidogo ili litoke. Lakini kila kutanuka na kila kubanwa huifanya shaba iwe ngumu zaidi, na shaba ngumu hupasuka. Sumu yake nyingine ni amonia. Jeshi la Uingereza nchini India liliona maganda yaliyohifadhiwa majira ya mvua yakipasuka yenyewe bila kupigwa, na uchunguzi ukaonyesha kwamba hewa ya amonia ilikuwa ikiingia katika shaba iliyokuwa bado na mvutano ndani yake. Kwa sababu hiyo mjazaji mwangalifu hasafishi maganda kwa dawa ya vioo yenye amonia. Huyatia kwenye pipa dogo linalotikisika, lenye magunzi ya mahindi au maganda ya jozi yaliyosagwa, na baada ya saa chache yanatoka safi.

Ganda safi husukumwa ndani ya kalibu ya kubania, iliyofungwa juu ya mashine yenye mkono mrefu wa chuma. Mashine mashuhuri kuliko zote ni zile za RCBS, kampuni iliyoanzishwa na Fred Huntington mwaka 1943 huko Oroville, California. Kalibu hulirudisha ganda katika kipenyo chake, na pini iliyo katikati huiangusha fataki iliyokufa. Kwa maganda ya rivolva, ambayo ubavu wake umenyooka, kalibu nzuri huwa na pete ya kaboni na tangsteni, ngumu kiasi kwamba ganda halihitaji mafuta. Baada ya hapo urefu hupimwa. Hatua hii huonekana ya ziada kwa wanaoanza, ila itadai haki yake mwishoni, mdomo wa ganda utakapokunjwa: maganda yasiyolingana urefu hayawezi kukunjwa sawasawa.

Fataki mpya hupachikwa kwa kidole kuliko kwa nguvu. Fundi mzoefu huhisi inapofika chini ya kitundu, na mguso huo hauna mbadala. Kitundu kilicholegea hujulikana hapo hapo, kwa kuwa fataki huingia bila ukinzani, na ganda hilo huwekwa kando moja kwa moja. Fataki lazima ikae chini kidogo ya uso wa kitako. Ikichomoza hata unene wa karatasi, itakwaruza bamba la nyuma la rivolva, na silinda itagoma kuzunguka wakati usiofaa. Katika miaka ya zamani fataki zilikuwa na zebaki, iliyoifanya shaba kuwa dhaifu na yenye kukatika, pamoja na chumvi zilizovuta kutu mtutuni. Fataki za leo zimeuacha ugonjwa huo, na ganda moja huweza kujazwa mara nyingi.

Sasa huja baruti. Rivolva ya magnum inapenda baruti ya polepole. Baruti ya haraka hufika kileleni mwa mkandamizo kabla kichwa hakijaenda mbali. Ya polepole huendelea kukisukuma mtutu mzima, hivyo hutoa kasi kubwa bila kukipita kipimo cha chuma. Kipimo cha baruti ni greni, na greni 7,000 hufanya pauni moja. Mizani ya mjazaji husoma sehemu ya kumi ya greni, yaani kama miligramu sita na nusu. Pumzi ya mtu au upepo wa feni hutosha kuipotosha. Kiasi chenyewe hakibuniwi. Hutoka katika vitabu vilivyochapishwa na watengenezaji wa baruti na vichwa, waliopima mkandamizo kwa vyombo vya maabara, na mjazaji huanzia chini ya orodha, akipanda hatua ndogo ndogo huku akiangalia maganda yake. Kubadili kichwa, fataki au hata chapa ya ganda ni sababu ya kuanza upya kutoka chini.

Hatari zipo pande zote mbili za kipimo. Baruti za haraka huchukua nafasi ndogo ndani ya ganda refu la magnum, kwa hiyo kipimo mara mbili hukaa humo bila kumwagika na bila kupiga kelele yoyote. Baruti za polepole zinazojaza ganda hazina hila hiyo. Kipimo cha pili kingefurika mezani. Huu ni wema mkubwa wa baruti za magnum ambao husifiwa mara chache. Upande wa pili, baadhi ya baruti zenye chembe za mviringo hazikubali kupunguzwa: zikiwa chache huwaka vibaya, kichwa hukwama katikati ya mtutu, na risasi inayofuata huupasua. Kwa hiyo maganda yaliyotiwa baruti husimamishwa kwenye ubao wenye matundu, hamsini kwa safu, na kabla ya kichwa chochote kuwekwa taa hupitishwa juu yao na jicho huangalia ndani ya kila moja. Usawa wa baruti lazima ulingane. Wakati huo hakuna mazungumzo, simu wala redio, na juu ya meza huwepo kopo moja tu la baruti, ili aina mbili zisichanganywe. Hata mtu asiyependa silaha angeiheshimu saa hiyo ya ukimya.

Wajazaji wengi hununua vichwa, lakini wanaosubu vyao wenyewe hupata nusu nyingine ya ufundi. Madini safi ya risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi na ni laini mno kwa kasi ya magnum. Huongezewa bati, linalofanya madini yajaze pembe za kalibu, na antimoni, inayoongeza ugumu. Mchanganyiko mashuhuri wa Lyman una sehemu 90 za risasi, tano za bati na tano za antimoni. Kwa miongo mingi chanzo kizuri cha madini hayo kilikuwa viwanda vya magazeti: herufi za mashine za linotaipu zilikuwa na antimoni na bati tayari, na magazeti yalipohamia uchapaji wa picha na mashine hizo kuzimwa, marundo ya herufi yaliishia kwenye sufuria za wajazaji. Nta ya nyuki au unga wa mbao hutupwa juu ya madini yaliyoyeyuka ili kurudisha bati ndani na kuufanya uchafu uelee. Tone moja la maji likiingia hugeuka mvuke papo hapo na kurusha madini ya moto usoni. Kwa hiyo kila kipande hukaushwa kwanza, dirisha hufunguliwa, na mikono huoshwa kabla ya kugusa chakula.

Wanaoanza hufikiri kichwa kigumu zaidi ndicho bora. Si hivyo. Kinachohesabika kwanza ni kipenyo. Kichwa kikiwa chembamba kuliko matundu ya silinda, gesi ya moto hupita pembeni, huyeyusha ubavu wake na kuubandika kwenye mifereji ya mtutu, hata kama ugumu wake ni wa hali ya juu. Kichwa laini kidogo kilichotosha vizuri, kikiwa na nta ya nyuki na grisi kwenye mifereji yake, hukiacha chuma kikiwa safi baada ya mamia ya risasi. Wanaotaka kasi ya juu kabisa huvisha kitako chake kikombe chembamba cha shaba nyekundu kinachokikinga na moto.

Hatua ya mwisho ndiyo inayotenganisha mjazaji wa rivolva na wengine wote, nayo ni kukunja mdomo wa ganda. Silinda ina vyumba sita. Risasi ya kwanza inapolipuka, rivolva hurudi nyuma kwa nguvu na kuyavuta maganda matano yaliyobaki, kwa kuwa kingo zao zimeshikwa na silinda. Vichwa, kwa uzito wao, hutaka kubaki palepale vilipo. Matokeo yake ni kwamba kila mlio huvichomoa kidogo kutoka kwenye maganda yao. Kichwa kilichotoka mbali hujitokeza mbele ya silinda, hugonga kitako cha mtutu na kuifunga silinda isizunguke kabisa. Mwindaji aliye mbele ya dubu wa Alaska hana muda wa kutafuta nyundo.

Kinga ni mkunjo. Kichwa cha rivolva kina mfereji uliochongwa kuzunguka kiuno chake, na kalibu huugeuza mdomo wa ganda kuelekea ndani hadi ulale ndani ya mfereji huo. Bastola ya kujipakia yenyewe hairuhusu mkunjo mzito, kwa sababu ganda lake husimama chumbani kwa mdomo. Ganda la rivolva husimama kwa ukingo wa kitako, hivyo mdomo wake uko huru. Mkunjo mzuri una kazi ya pili: hukizuia kichwa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde ili baruti ya polepole ishike moto ipasavyo. Ukikunjwa kupita kiasi, ganda huvimba chini ya kichwa na risasi hukataa kuingia chumbani. Fundi hukata shauri kwa jaribio rahisi: hupima urefu wa risasi moja, huipakia pamoja na nyingine tano, hupiga tano, kisha huitoa ile ya sita na kuipima tena. Kama urefu haujabadilika, mkunjo umefaulu. Jaribio hilo ni zuri kwa sababu humhukumu mjazaji kwa kazi yake wala si kwa maoni yake.

Risasi zilizokamilika hufutwa, huingizwa kwenye boksi na kupewa kibandiko chenye tarehe, aina na uzito wa baruti, fataki, uzito wa kichwa na idadi ya mara ambazo maganda yameshajazwa. Boksi lisilo na kibandiko halipigwi. Risasi zake hufunguliwa moja moja. Kasi, ambayo enzi za Keith ilipimwa maabara, siku hizi hupimwa uwanjani kwa chombo kidogo cha umeme, na namba huandikwa daftarini. Jambo lisilojulikana sana na watu wa nje ni kwamba risasi nyingi za .44 Magnum zinazojazwa nyumbani ni za upole, kwa kasi ya futi 900 hivi kwa sekunde, kwa sababu kulenga vizuri hujifunzwa kwa mkono usioogopa mlio. Kali huwekwa akiba kwa kulungu na dubu. Hilo nalo ni ushindi wa mjazaji: rivolva moja hutumika kwa mazoezi ya jioni na kwa safari ya milimani, bila kununua ya pili.

Sheria ya shirikisho ya Marekani humruhusu mtu kujaza kwa matumizi yake bila leseni ya utengenezaji, ila kuuza humtaka awe nayo. Kenya na Tanzania hazina nafasi hiyo. Huko kutengeneza risasi bila leseni ya serikali ni kosa la jinai, na ufundi huu hubaki kwa wenye leseni.

Ganda la magnum halidumu milele. Baada ya kujazwa mara kadhaa kwa nguvu kamili, ufa mwembamba hutokea mdomoni, au kitundu cha fataki hulegea. Mjazaji hulibana mdomo kwa koleo hadi ulale, ili lisije likarudi kwenye ubao kwa bahati mbaya, hulihesabu katika daftari la kundi lake, na kulitia kwenye ndoo ya shaba chakavu.